Ruzuku ya Mishahara Imfikie na Mvuvi

Serikali inapositisha kazi ili kulinda afya ya umma, inatimiza wajibu wake. Lakini amri hiyo ina gharama, na si haki gharama hiyo iachwe juu ya mabega ya mwajiri na kibarua wake peke yao.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, Uingereza ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mataifa tajiri. Basi na tuwatazame majirani zetu wa visiwani. Shelisheli, nchi ya watu wapatao laki moja tu, iliwasaidia waajiri kulipa mishahara kuanzia Aprili 2020 ili wasiwaachishe watu kazi. Mauritius ilikwenda mbele zaidi: pamoja na ruzuku ya mishahara, iliwapa waliojiajiri wenyewe rupia 5,100 kwa mwezi.

Hapa nchini shughuli nyingi hazikufungwa. Hata hivyo, ndege za abiria kutoka nje ziliposimama, ndugu zetu wa Unguja na Pemba walioajiriwa mahotelini walionja shida hiyo. Tunayo sheria ya mwaka 2018 inayompa mwanachama aliyepoteza ajira asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Ni jambo la kupongezwa. Lakini fao hilo humngoja mtu mpaka kazi imtoke. Ruzuku humshika mkono kabla hajaanguka.

Sasa tujiulize: ruzuku kama hiyo ingekuja Kigoma, ingemfikia nani? Mkazi wa Gungu anayeteremka Kibirizi kuvua dagaa hana hati ya mshahara. Tajiri wa chombo hutoa gharama za mafuta na taa, kisha hugawana na wavuvi wake kilichobaki. Mama anayeanika dagaa mchangani hulipwa kwa siku. Kuli wa bandarini hulipwa kwa mzigo. Wote hawa wana waajiri, lakini hakuna daftari linalosema hivyo. Fedha inayopitia kwenye orodha ya mishahara ingewapita kama meli ipitavyo mbali na mwalo.

Wala jambo hili si la kufikirika. Mei 2015, kijiji cha Kagunga kilipopokea maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, kipindupindu kiliwapata zaidi ya watu 3,000. Na mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Sababu haikuwa maradhi, lakini swali lilikuwa lile lile: kazi ikisimama kwa manufaa ya wote, nani amlishe aliyesimamishwa?

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni viweke daftari la kila chombo na wavuvi wake, na masoko yafanye hivyo kwa vibarua. Pili, kila amri ya kusitisha kazi iandamane na maelezo ya nani atalipwa, kiasi gani na kwa muda gani. Tatu, majina ya walipwaji yabandikwe hadharani katika ofisi za mitaa. Nchi hii imekwisha kuonja hasara ya wafanyakazi hewa. Hatutaki wavuvi hewa.

Matajiri wa vyombo nao wasikwepe daftari hilo kwa kuogopa kodi. Anayetaka Serikali imlipie watu wake siku ya dhiki, hana budi kuwataja siku ya neema.

Akiba haiozi. Daftari liandaliwe sasa, wakati ziwa limetulia na wagonjwa hawajajaa hospitalini, kwani siku ya maradhi hakuna atakayepata nafasi ya kuandika majina.