Gramu 146 za chumvi ya mezani au miligramu 5 za chumvi ya kobalti

Vilima vya Dutwa, wilayani Bariadi, vilipata umaarufu kwa sababu ya nikeli. Makadirio ya watafiti wa madini yalitaja mbale ya karibu tani milioni 100, nikeli ikiwa takriban asilimia 0.9 na kobalti takriban 0.03 tu. Hiyo kobalti ndogo ndiyo yenye mkasa hapa. Kwa kiwango hicho, tani moja ya mbale ina gramu 300 zake. Ili kuona gramu hizo zinaweza kufanya nini, tuanze na DNA.

DNA ya kawaida husokotwa kuelekea kulia. Mwaka 1972 Fritz Pohl na Thomas Jovin, huko Göttingen, Ujerumani, walichukua DNA ya maabara yenye herufi za guanini na sitosini zinazopokezana, wakaitia chumvi nyingi kupita kiasi, umbo likabadilika. Mwaka 1979 kundi la Alexander Rich, Marekani, likaonyesha kwa eksirei kwamba msokoto unaweza kwenda kushoto. Umbo hilo likaitwa DNA-Z, maana uti wake unakwenda zigizaga.

Tuje kwenye gharama. Kuigeuza DNA ya namna hiyo kunataka gramu 146 hivi za chumvi ya mezani kwa lita. Maji ya bahari yana kama 35. Kloridi ya magnesiamu zinatosha gramu 67. Kobalti iliyozungukwa na molekuli 6 za amonia? Miligramu 5 hivi za chumvi yake. Ukihesabu ioni kwa ioni, moja ya kobalti inatosha pale zilipotakiwa 125,000 za sodiamu.

Fosfati za DNA zina chaji hasi na husukumana, na katika umbo la Z zinasogeleana zaidi. Lazima kitu kizitulize. Sodiamu ina chaji 1, magnesiamu 2, kobalti hii 3. Lakini 3 dhidi ya 1 haizai 125,000. Siri nyingine imo kwenye amonia: hidrojeni zake hushika guanini na fosfati kwa pamoja, ioni ikatulia mahali pake.

Basi gramu 300 za kobalti ya Dutwa, zikigeuzwa kuwa chumvi hiyo yenye amonia, zingetosha lita 254,000 (gharama ya kuisafisha kobalti, ambayo si ndogo, tuiache). Kwa chumvi ya mezani, lita hizo zingekula tani 37.

Seli zetu hazina chumvi ya gramu 146 kwa lita. Ila mwaka 1981 Michael Behe na Gary Felsenfeld walitumia DNA yenye methili kwenye sitosini, alama ambayo seli zetu huiweka zenyewe. Mahitaji ya magnesiamu yakashuka takriban mara 1,000, hadi chini ya miligramu 60 za kloridi yake kwa lita, kiwango kinachokaribia magnesiamu iliyo huru ndani ya seli. Kwa kuwa vipande vya guanini na sitosini zinazopokezana ni vifupi kwenye jenomu, deni linalobaki hulipwa na mkazo: jeni inaposomwa, DNA iliyo nyuma ya kimeng'enya kinachoisoma hulegezwa msokoto wake, na hapo kugeukia kushoto kunakuwa rahisi zaidi.