Kwetu Sumbawanga: Nimerithi Laana au Baraka?

Jamani, hakuna swali baya kama kuulizwa "kwenu wapi" ukiwa na glasi ya juisi mkononi mbele ya shangazi wa mchumba. Nilikuwa Dar, shati nimenyoosha, viatu vinang'aa, mwenyewe najiona nimekamilika. Shangazi akauliza kwa upole tu, "Eti baba, kwenu ni wapi?" Nikajibu bila kusita, "Sumbawanga, mama."

Sebule nzima kimya. Mdogo wake mchumba, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akasogea pembeni kidogo kama vile nina radi mfukoni.

Msomaji, maneno ya mjini unayajua. Eti mtu wa Sumbawanga hana haja ya nauli, ungo upo. Eti ukimdharau unalala kitandani, unaamka chini ya mwembe. Wenyewe tumezoea kucheka nayo. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu shangazi alitoa hukumu: kabla posa haijapokelewa, niende kwanza kwa mtumishi mmoja wa Mungu akanivunjie laana ya ukoo.

Nikaenda. Ukipenda boga, penda na ua lake. Mtumishi hata jina hakuniuliza, aliuliza kabila. Niliposema Mfipa akafumba macho, akatikisa kichwa, akaniambia urithi wa babu zangu umenifunga mikono na miguu, ndiyo maana mpaka leo sina kazi ya maana. (Hapo kwenye kazi alinipata, sikatai!) Kufunguliwa kuna sadaka yake, na kiwango alikitaja. Nikapiga hesabu kichwani: mkwanja huo unanitosha nauli ya kwenda nyumbani na kurudi. Nikamwambia, "Mtumishi, nitakuja." Nikapanda basi.

BIBI AKACHEKA, HALAFU AKANUNA

Ukishaiacha Tunduma na kuupanda uwanda wa Ufipa, ubaridi unakukumbusha koti uliloliacha Dar. Milima ya Mbizi ile pale, mahindi na maharage huku na huku, na yale matuta ya duara ya wazee yanayoitwa ntumba, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze ziwe mbolea. Bibi nilimkuta jikoni, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nikamwamkia, nikala, nikamweleza.

Alicheka sana. Halafu akanuna. "Mjukuu wangu, hata jina la mji wenu hulijui? Sumba ni tupa. Wanga ni uchawi. Mji wenyewe unakwambia tupa uchawi, halafu ninyi mnasema ndiko unakotengenezwa!"

Kisha akanikumbusha habari ya Dokta Atiman. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa na Wabelgiji kituo cha Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Miaka michache baadaye akafika hapo Mwafrika mmoja, Adrian Atiman. Huyu aliibwa akiwa mtoto kule ambako leo ni Mali, akauzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema 1889, akawa daktari na katekista kwa pamoja, akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Zaidi ya miaka 60, msomaji! Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga mjini imepewa jina lake.

"Sasa niambie," bibi akasema, "kama kuna mtu wa kudai amefungwa na ya nyuma, si yule? Mtoto wa kuibwa, mtoto wa kuuzwa. Lakini sisi ametuachia nini? Dawa na Injili."

KITI CHA NTATAKWA

Usiku, tukiota moto, bibi akanipa hadithi ambayo Wafipa wengi wameikuta. Hata mtafiti wa Kiingereza, Roy Willis, aliiandika vitabuni. Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, alikwenda kuwinda akamwachia mkewe kiti cha utawala, akimwonya kwamba wageni wasije wakakikalia. Wakaja wanawake wageni, mama wa watu akashindwa kuwazuia, wakakikalia. Mzee kurudi, nchi ina wenyewe wapya. Akabaki na mlima wake wa Itweelele na heshima ya mambo ya kiroho.

Nikashtuka. Mbona hii nimeisikia kanisani? Esau naye alikuwa mwindaji. Haki ya mzaliwa wa kwanza aliiuza kwa bakuli la dengu, na siku ya kubarikiwa yeye yuko porini anatafuta nyama, mdogo wake ndani anapokea mikono ya baba.

Bibi akaniangalia. "Babu yako alikuachia kiti. Wewe uko Dar unawinda. Umemkuta mtu hakujui hata jina, unataka kumlipa akikalie."

Msomaji, sikuwa na jibu.

Babu alikuwa katekista wa kijiji. Alipofariki, wajomba na baba wadogo walikamatana mashati kwa ajili ya ng'ombe na shamba. Kitu kimoja hakuna aliyekigombea: daftari lake. Bibi alilitoa sandukuni. Kurasa za mbele ni majina ya watu aliowafundisha dini. Kurasa za nyuma ni madeni: fulani gunia moja la mahindi, fulani mawili, fulani debe la maharage. Na karibu kila jina limepigwa mstari, pembeni kwa mwandiko wake wa kutetemeka: "amesamehewa".

Kesho yake sokoni nikanunua viazi. Mzee muuzaji akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia babu. Akanirudishia hela yangu. "Babu yako alinisamehe magunia mawili mwaka wa njaa. Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie." Nikasimama pale sokoni machozi yananilengalenga, mtu mzima na mfuko wa viazi.

Mimi si mchungaji, nimeishia fomu foo. Lakini kusoma najua. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anakataa kabisa kwamba mtoto atabeba dhambi ya baba yake. Paulo naye, akimwandikia Timotheo barua ya pili, anamkumbusha imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Umeona? Hata Biblia inajua habari za bibi. Imani inarithiwa, ila haigawanywi kama ng'ombe. Ukiiacha sandukuni haikusaidii, ukiitumia inakua.

Na haya maneno ya laana tusiyachukulie mzaha. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho kama ya bibi yangu, ambayo dawa yake ni jiko lisilo na moshi.

Nimerudi Dar na daftari begani. Kwa mtumishi sikwenda tena. Nilikwenda kwa shangazi, nikaliweka mezani nikamwambia, "Mama, urithi wangu ni huu." Alivaa miwani, akafunua kurasa taratibu, akafika kule nyuma kwenye madeni. Alikaa kimya muda mrefu. Posa hajaipokea, nisikudanganye. Alisema tu, "Jumapili uje tule, baba."

Nitakwenda. Na wewe msomaji, kabla hujalipia mtu akuvunjie ya kwenu, kwanza nenda kwenu ukaulize waliokutangulia walimsamehe nani. Huenda kiti chako bado kipo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.