Zawadi Isiyoandikwa Daftarini

Katika kichen pati za Dar es Salaam, sherehe za wanawake kabla ya ndoa, huwa kuna mwanamke mmoja asiyecheza. Amekaa pembeni ya jukwaa, kalamu mkononi, na mbele yake pana daftari la kaunta. Mama Fulani, hotipoti seti moja. Akina mama wa vicoba, jiko la gesi na mtungi wake. Mawifi wa Kimara, friji. Sherehe ikiisha, daftari hilo hutunzwa kuliko albamu ya picha, maana mna madeni ndani yake. Aliyekuletea friji naye ana binti, na siku binti huyo akichumbiwa huwezi kutokea ukumbini na vikombe sita.

Hakuna anayeona aibu kwa hilo, wala sioni kwa nini aone. Leo kwangu, kesho kwako, ndivyo wanawake wa mjini walivyofunguliana nyumba ambazo mshahara wa mtu mmoja usingezijaza. Mchango wenyewe huanza kukusanywa miezi kadhaa kabla: kamati inaundwa, grupu la WhatsApp linafunguliwa, ahadi zinapokelewa, na kila jioni mhazini anarusha orodha yenye majina ya waliolipa na ya wanaosuasua. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, kisingizio cha “sijapata nafasi ya kukuletea” kimekosa mashiko.

Wenzetu wa mbali nao walikuwa na lao. Huko Uskoti, msichana wa kiwandani aliyekaribia kuolewa alitembezwa mitaani na wafanyakazi wenzake, huku wakigonga masufuria na kupiga kelele. Mkononi alishika chungu cha kukojolea kilichotiwa chumvi, na mpita njia alitumbukiza sarafu humo akapewa busu. Ucheshi ndio uliovuta sarafu, na sarafu zote zilikuwa za bibi harusi. Kwa kifupi, sherehe ya wanawake kabla ya ndoa, kwao na kwetu, ni mto unaoelekea kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana sadaka inapoingia humo huonekana kama mgeni asiye na kadi. Ni zawadi pekee ambayo hairudi. Yatima hatakuja kukutunza siku ya binti yako, na mama aliyejifungua wodini hatajua hata jina lako. Daftari halina mstari wa kuwaandika.

Hata hivyo, kwa watu wa pwani mgeni huyu si mgeni kihivyo. Kichen pati ya ukumbini, yenye emsii na viti vilivyovishwa vitambaa, ni ya mjini na ya juzi tu. Zambia wanayo kwa jina hilohilo, na huko wanaomfunda mwali wanaitwa banachimbusa. Lakini ukiondoa mapambo utamkuta kungwi, utamkuta somo, na mafunzo ya nyumba ambayo ni ya zamani kuliko ukumbi wowote. Na katika mafunzo hayo mna fungu la jirani: ukipika, pakua na la mwenzio; sinia la pilau lisipite mlango wa mjane. Waislamu wana hadithi ya Mtume inayoshutumu walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Wakristo wana Injili ya Luka, sura ya 14, ambapo mwenye karamu anaagizwa kuwaita maskini na vilema, watu wasioweza kumrudishia mwaliko. Dini zote mbili zinakemea jambo lilelile linalofanywa na daftari letu: kumpa anayeweza kurudisha.

Kisha kuna lelemama. Mombasa, miaka ya ukoloni, vikundi vya wanawake wa ngoma hiyo vilishindana harusini kwa sare, kwa vyakula na kwa nyimbo za kijembe. Mshindi alikuwa anayetumia zaidi. Mwanahistoria Margaret Strobel ameyasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo. Kinachonivutia ni kilichofuata. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, kutoka katika vikundi hasimu vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilizaliwa vyama viwili vya maendeleo, Muslim Women’s Cultural Association na Muslim Women’s Institute, vilivyojishughulisha na elimu na hali ya wanawake. Upinzani haukufa, ulibadilishiwa uwanja. Wanawake waliojua kuchangisha kwa ajili ya ngoma hawakuhitaji kufundishwa kuchangisha kwa ajili ya shule.

Niliyakumbuka hayo kwenye sherehe moja Tabata. Bibi harusi mtarajiwa aliwaambia wakubwa wake kwamba hataki seti ya tatu ya sufuria, na kwamba sehemu ya zawadi ipelekwe kwa wenye shida. Shangazi yake akashtuka.

“Mwanangu, watu watasema mahari ilikuwa ndogo, sasa tunaomba kwa mgongo wa yatima.”

“Shangazi, vyombo vyote hivyo nitaviweka wapi? Tumepanga chumba na sebule.”

Aliyepata suluhu ni somo, mwanamke wa Kizaramo mwenye maneno machache. Alishauri zawadi ziendelee kama kawaida, daftari liandikwe, heshima ya familia ilindwe. Ila kila kikundi kitakachoingia kikicheza na zawadi kije pia na beseni moja, na ndani ya beseni kuwe na doti ya khanga. Mabeseni hayo yatakaa upande wa kushoto wa jukwaa kabla ya kupelekwa wodi ya wazazi, hayaandikwi, na emsii asithubutu kumtaja aliyeleta.

Kwa nini beseni na khanga? Hapo ndipo nilipomvulia kofia yule mama. Ukumbini vitu hivyo viwili humiminika hadi vikakosa maana. Hakuna bibi harusi wa Dar asiye na khanga ambazo hajawahi kuzikata. Wodi ya wazazi nayo huvihitaji kila siku. Sera inasema huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure, lakini muulize mjamzito yeyote aliyekaribia tarehe zake akuonyeshe begi lake: mpira wa kulalia, glovu, pamba, nyembe, vibana kitovu, beseni, na khanga au vitenge vya kumpokelea mtoto na kumfunika mama. Ameambiwa aje navyo. Asiyekuwa navyo hujifungua hivyohivyo, na mwenzake wa kitanda cha pili humkatia kipande cha khanga yake. Wanawake waliokuwa ukumbini karibu wote wamewahi kulifunga begi hilo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Mistari ya akina mama iliingia na wimbo wa taarab, friji mbele, beseni nyuma. Wa vicoba walipoona wa kanisani wamejaza glovu na pamba katika beseni lao, mmoja alichomoka nje akarudi na mfuko wa duka la dawa. Ushindani wa lelemama huo, mzima kabisa.

Sipendi, na nitasema wazi, ile namna nyingine ambayo imeenea zaidi mitandaoni. Bibi harusi na mashoga zake wanavaa fulana zenye jina lake kifuani, wanakodi mpigapicha, wanafika kwenye kituo cha kulelea yatima na katoni mbili za sabuni, na watoto wanapangwa mstari waimbe. Picha inachukua saa nzima. Mtoto hakuulizwa kama anataka kuonekana, na uso wake utazunguka kwenye simu za watu wasiomjua wakimwonea huruma kabla ya chakula cha mchana. Sadaka ya namna hiyo imesharudishwa papo hapo kwa kupendwa na kusifiwa. Yaani imeandikwa daftarini, ila daftari limehamia kwenye simu.

Kuna hofu nyingine iliyo ya haki. Mwanamke wa kawaida mjini tayari anabeba mzigo: mchango wa kadi, sare, nauli ya bodaboda, nywele, zawadi ya kikundi. Wapo wanaokopa vicoba ili wasionekane wamekwama. Ukimwongezea na mchango wa sadaka, umemtoza maskini ili umsaidie maskini. Fedha ya sadaka inafaa itokane na kupunguza mahali: keki ya ghorofa tatu ishuke ghorofa moja, maua ya plastiki ya jukwaani yakodishwe machache, cheche za moto zinazowashwa kwenye keki zifutwe kabisa. Wageni hula keki kipande cha ukubwa wa kiberiti. Ghorofa hakuna anayezikumbuka.

Wanaotaka kufanya hivi wafanye na kazi ya kuuliza. Muuguzi mfawidhi atakuambia kama stoo yake imejaa khanga na kinachokosekana ni glovu. Mlezi wa kituo atakuambia kama wali wa sherehe unafaa au ni bora ulete mchele mbichi na mafuta, maana pilau iliyolala ukumbini usiku kucha inaweza kuumiza matumbo ya watoto. Shule ya msingi itakuambia kwamba wasichana wa darasa la sita na la saba wanahitaji taulo za kike kuliko peremende. Na tazama kalenda. Ramadhani na Kwaresma, ndoa husimama na kichen pati nazo husimama. Ndiyo miezi ambayo vituo hupata wageni hadi foleni, futari juu ya futari. Pasaka na Idi zikipita, wageni hupungua na kumbi hujaa. Kuanzia Juni hadi Septemba kila Jumamosi kuna mabeseni yanayochezewa jukwaani Sinza, Tabata na Mbagala, na safari ya daladala kutoka huko hadi wodi ya wazazi iliyo karibu haifiki saa moja.