Moshi Hauleti Mvua

Kila Septemba naulizwa swali lilelile: "Mtaalamu, tukichoma nyasi za mlimani, si moshi utapanda ugeuke wingu?" Wanaouliza ni wakulima, walimu, hata viongozi wa vijiji, na mara nyingi tunapozungumza mlima tayari unawaka. Jibu ni hapana.

Imani hii si ya kwetu peke yetu. Mmarekani James Espy, katika kitabu chake cha 1841, alieleza kwa ufasaha jinsi hewa yenye mvuke inavyopanda na kupoa, mvuke ukawa matone, na joto linalotolewa hapo likazidi kulisukuma wingu juu. Nadharia hiyo tunaitumia hadi leo. Lakini mtu huyohuyo alipigania misitu ichomwe ili mvua inyeshe. Alielewa wingu, akakosea hesabu.

Basi tupige hesabu. Kilo moja ya nyasi kavu ikiungua hutoa mvuke wa maji wa nusu lita na ushei. Mbuga yenye nyasi nzuri ina kama nusu kilo kwa kila mita mraba. Hata mvuke wote ungerudi palepale kama mvua, mngepata kiasi cha robo ya milimita, isiyotosha hata kulaza vumbi. Mkulima wa mahindi anangoja milimita 20 au zaidi ndipo apande. Katika eneo la kilomita 10 kwa 10, hizo ni lita bilioni 2. Maji hayo huja na upepo, mengi yakitoka Bahari ya Hindi, wala hakuna moto wa kijiji unaoweza kuyaita.

Wengine hunijibu kwamba moto unainua hewa. Unaiinua, na moto mkubwa sana huweza kuzaa wingu juu yake. Ila Septemba hatukosi joto. Jua la adhuhuri humwaga kama megawati 1,000 kwenye kila kilomita mraba. Kilomita mraba mbili tu zinakaribia uwezo wa bwawa la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115. Tunachokosa ni unyevu. Hewa inayopanda hupoa karibu nyuzijoto 10 kwa kila kilomita, na wingu huanza pale inapopoa kiasi cha mvuke wake kugeuka matone. Hewa kavu hulazimika kupanda mbali sana kabla ya kufika hapo, na njiani hukuta hewa nyingine inayoshuka, ikipata joto kadiri inavyoshuka, imeifunika kama mfuniko wa sufuria. Ndiyo maana vijiwingu vya kiangazi huchomoza saa nane mchana na jioni havipo.

Moshi wenyewe unaweza hata kudhuru. Chembe zake ni nyingi mno, kwa hiyo mvuke hugawanyika katika vitone vidogo vidogo visivyogongana na kukua hadi vianguke. Mwaka 1999 mtafiti Daniel Rosenfeld alionyesha kwa picha za satelaiti mawingu yaliyoingiliwa na moshi wa misitu yakishindwa kunyesha.

Mbona basi watu huchoma na mvua ikaja? Kwa sababu wanachoma Septemba na Oktoba, wakati jua linaelekea kusini na kuuvuta ukanda wa mvua nyuma yake. Vuli ingekuja hata kama hakuna aliyewasha kiberiti. Mwaka ambao haikuja, nani alikumbuka kuulaumu moto?

La kufanya: fuata utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, usikilize na taarifa za kila siku. Panda mbegu inayokomaa mapema, na kwenye ukame panda mtama. Mabua yafunike shamba, usiyachome. Chimba makinga maji, weka mifereji kwenye paa na tangi chini yake. Lima barabara ya kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea.

Na mlima uacheni. Kule juu Kilimanjaro, misitu na vichaka hunasa maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini hata mvua isiponyesha. Vikiungua, maji hayo hayanaswi tena. Ukiona moto, mwambie mwenyekiti wa kijiji saa hiyohiyo.