Raba za ngozi tele Isiolo, zinazotosha ni chache

Mwanamke wa Isiolo anayetafuta raba ya ngozi mara nyingi harudishwi nyumbani na bei. Hurudishwa na saizi. Mali nyingi ni mitumba kutoka soko la Gikomba, Nairobi, karibu kilomita 280, na anayeileta hununua gunia lililofungwa asiloruhusiwa kupekua. Humo 36 na 41 zimelala pamoja. Zile 38 hadi 40 zinazoulizwa kila siku ni bahati.

Mama mmoja aliyekaa katika biashara hii muda mrefu, na ambaye hakutaka jina lake litajwe, hana subira na hadithi za "soko kubwa". Analalamika kwamba hasara ya saizi humwangukia muuzaji wa mwisho peke yake. Anayetaka kuchagua jozi mojamoja hulipia "kamera", yaani bei ya mchaguo wa kwanza, na akijumlisha nauli na mzigo, mteja humwambia hiyo ni bei ya duka. Asiyechagua hubaki na zile ndogo mpaka siku ya "fagia", masalio yanapouzwa kwa bei ya kutupa.

Nambari zenyewe hazisaidii. Saba iliyopigwa chapa kwenye ulimi wa raba, kama ilitengenezewa wanawake wa Marekani, hukaribia 38. Ikiwa ya Uingereza, inafika 40 au 41. Ndiyo maana mama huyu hazitazami. Huchomoa soli ya ndani, huilaza chini na kumwambia mteja, "Kanyaga hapa, dada." Kidole kikipita ukingo, jozi inarudi kwenye turubai lake. Soli hiyo pia humwonyesha alama ya mguu wa mvaaji wa kwanza, mbonyeo wa kisigino na wa vidole, ambao hautoki hata ukioshwa. Upana ni nadra kuandikwa. Ngozi hulegea kidogo pembeni lakini haiongezeki urefu, hata fundi aape vipi. Na kwa joto la Isiolo mguu huvimba, kwa hiyo iliyotosha saa mbili asubuhi huenda ikabana saa tisa.

Maafisa wana hesabu yao. Inayorudiwa zaidi ni kwamba Wakenya wanahitaji takriban jozi milioni 30 za viatu kwa mwaka huku viwanda vya ndani vikitoa sehemu ndogo tu, na kwamba pengo hilo ni neema kwa mji wa mifugo kama huu. Huenda. Ila hesabu hiyo ni ya jozi. Haisemi ngapi ni za wanawake, wala za saizi gani. Tena ngozi ya mifugo ya huku hufika na makovu ya chuma cha moto, mikwaruzo ya miiba, kupe na mikato ya kisu cha mchinjaji. Buti nyeusi huyaficha. Raba nyeupe laini haiwezi. Sehemu kubwa ya ngozi ya Kenya inayouzwa nje huondoka ikiwa imetengenezwa nusu, na ushuru mzito uliowekewa ngozi mbichi ili viwanda vizaliwe nchini bado haujaonekana kwenye turubai la mama huyu.

Wauzaji wanakumbuka mpango wa Afrika Mashariki wa 2016 wa kuiondoa mitumba polepole, ambao Kenya iliuacha mwaka uliofuata, na marufuku ya kuingiza mitumba ya Machi 2020, iliyoondolewa Agosti. Kwa hiyo tamko lolote jipya haliwastui sana. Wanachohofia zaidi ni raba mpya za ngozi bandia kutoka China: jua likizipata hubambuka, lakini huja na saizi zote kwa mpangilio.

Mama huyu sasa humtaka muuzaji wa Gikomba ampigie picha soli ya ndani pamoja na futi kamba kabla hajatuma pesa. Anatozwa zaidi kwa usumbufu huo, na anasema bado hajajua kama inalipa.