Udumavu Penye Chakula Tele: Maji Safi na Sauti ya Mwanamke Katika Lishe ya Mtoto wa Kijijini

Na Mwandishi Wetu

Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa inafahamika nchini kwa kuzalisha chakula kwa wingi. Mahindi, maharage, viazi na mbogamboga vinavyolimwa huko huuzwa katika masoko ya mikoa mingine na hata nje ya mipaka ya nchi. Hata hivyo, Utafiti wa Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mikoa hiyo mitatu ndiyo inayoongoza kwa udumavu wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Iringa ilikuwa na takriban asilimia 57, huku Njombe na Rukwa zikiwa na takriban asilimia 50 kila mmoja. Wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 30.

Takwimu hizo hazipaswi kuficha hatua ambayo Taifa limepiga. Mwaka 2010 udumavu ulikuwa asilimia 42, ukashuka hadi asilimia 34 mwaka 2015/16 kabla ya kufikia kiwango cha sasa. Pamoja na hayo, mwananchi ana haki ya kuuliza: inawezekanaje ghala lijae na mtoto adumae? Jibu la swali hilo linagusa mambo matatu ambayo mara nyingi hujadiliwa kila moja peke yake, nayo ni chakula, maji na nafasi ya mwanamke katika maamuzi ya kaya na kijiji.

Udumavu ni nini?

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake ni kifupi kulinganisha na umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu au maradhi ya mara kwa mara. Athari zake haziishii kwenye kimo. Ubongo nao hukosa virutubishi wakati unapokua kwa kasi, hivyo uwezo wa mtoto kujifunza shuleni, na baadaye kuzalisha mali, hupungua. Kipindi muhimu zaidi ni siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya kilichopotea ni vigumu kurejeshwa.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuwa kushiba si sawa na kulishwa vizuri. Mtoto anayepewa uji mwepesi wa mahindi matupu mara mbili kwa siku hushiba, lakini mwili wake haupati vinavyohitajika kujenga mifupa, damu na ubongo. Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji unaelekeza mlo uchanganye makundi sita ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta kwa kiasi. Vingi kati ya hivyo hupatikana kijijini. Tatizo ni kwamba maharage, mayai na maziwa mara nyingi huenda sokoni, na fedha inayopatikana hairudi kwenye sahani ya mtoto.

Maji yanavyoingia katika suala la lishe

Mtoto anayekunywa maji yasiyo salama, au anayelishwa kwa mikono isiyonawa, huharisha mara kwa mara. Kila anapoharisha, hamu ya kula hupungua na virutubishi alivyokula hupotea. Minyoo nayo hunyonya damu na kuongeza upungufu wa wekundu wa damu. Kwa hiyo mama anaweza kuandaa mlo kamili leo, na ugonjwa wa kesho ukaufuta.

Upande wa pili wa maji ni muda. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kila mwananchi wa kijijini kupata angalau lita 25 za maji safi kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi na kinachohudumia watu wasiozidi 250. Kwa kaya ya watu watano, hizo ni lita 125, yaani zaidi ya ndoo sita za lita 20. Ikiwa chanzo kiko mbali kiasi kwamba safari moja huchukua saa nzima, mama atalazimika kutembea zaidi ya saa sita ili kutimiza mahitaji hayo. Kwa kuwa ana shamba, kuni na jiko vinavyomsubiri, ataleta ndoo mbili au tatu tu. Maji yakipungua hivyo, yanayopunguzwa kwanza ni ya kunawa mikono, kuosha vyombo na kufua nguo za mtoto. Na katika saa anazokuwa njiani, mtoto mchanga hubaki na mtoto mwenzake, hanyonyi na hali kwa wakati.

Funzo kutoka Iringa

Uhusiano huu si ugunduzi mpya. Kati ya mwaka 1983 na 1988, Serikali kwa kushirikiana na mashirika ya UNICEF na WHO ilitekeleza mkoani Iringa mpango wa pamoja wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila robo mwaka kijijini kwao, na matokeo hayakupelekwa wilayani tu, bali yalijadiliwa na wanakijiji wenyewe. Walitathmini hali, wakachambua sababu zake, kisha wakaamua hatua za kuchukua kwa uwezo waliokuwa nao. Uzito pungufu uliokithiri ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2.

Utaratibu huo unaendelea leo kupitia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu. Kwamba mkoa huohuo bado una udumavu mkubwa ni ushahidi kuwa mafanikio ya lishe hayalindwi na mradi, bali na maamuzi yanayoendelea kufanywa kila msimu, nyumbani na katika vikao.

Nani anaamua?

Ni mama anayejua kituo cha maji kilichoharibika, saa ambazo foleni huwa ndefu na mtoto aliyekosa maziwa. Asipokuwepo kikaoni, taarifa hiyo haimo katika uamuzi. Sheria za nchi zimelitambua jambo hilo. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inapaswa kuwa na wanawake wasiopungua robo ya wajumbe wote. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao ni wanawake.

Vivyo hivyo, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), imeweka usimamizi wa miradi mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo hukusanya malipo ya maji, hufanya matengenezo na hutoa taarifa. Mwanamke anaposhika uwenyekiti au uhazini wa chombo hicho, anasimamia huduma ambayo yeye ndiye mtumiaji wake mkubwa.

Kwa upande wa kipato, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Aidha, halmashauri zimeelekezwa kutenga kila mwaka angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano kwa ajili ya afua za lishe. Halmashauri yenye watoto 20,000, kwa mfano, inapaswa kutenga shilingi milioni 20.

Wajibu wa mwananchi

Mkutano wa Kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kuuliza. Maswali yafuatayo yanafaa kuulizwa: Watoto wangapi walipimwa katika Siku ya Afya na Lishe iliyopita, na wangapi walikutwa na tatizo? Vituo vingapi vya maji havitoi maji, na fedha za matengenezo ziko wapi? Wanawake wangapi wamo katika kamati, na je, vikao hupangwa saa ambazo wanaweza kufika?

Akina baba nao wana sehemu yao. Kubeba maji kwa baiskeli, kutengeneza kibuyu chirizi kando ya choo, kumpeleka mtoto kliniki na kukubaliana na mama kiasi cha mazao kitakachobaki nyumbani ni hatua zisizohitaji bajeti ya Serikali. Mavuno yanapoingia ghalani msimu huu, kila kaya inapaswa kupanga kwanza sehemu ya mtoto kabla gunia la kwanza halijapelekwa sokoni.