Kivuko cha Likoni

Mombasa ni kisiwa, na kwa miaka mingi mtu atokaye Kwale hakuwa na budi kuvuka maji ya Kilindini. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Waendao kwa miguu hawatozwi kitu. Wenye magari hulipa, na juu ya kulipa hungoja.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya jirani, ya Mtongwe, iliyojaa watu kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na ufuko. Watu 272 walikufa, wengi wakienda kazini.

Siku hizi magari yaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Lakini mchuuzi wa Likoni, kikapu kichwani, bado huteremka alfajiri kuingoja feri.